Macho ya Carine na Mdomo wa Maman Madeleine

Mtaa mzima wa Cimpunda ulikubaliana juu ya jambo moja: ukitaka habari ifike kila nyumba kabla ugali haujaiva, mwambie Maman Madeleine kwamba ni siri. Hakuwa mmbea. Mmbea hupeleka maneno ili watu wagombane, na yeye hakuwahi kugombanisha hata jogoo wawili. Ni vile tu furaha haikumkaa tumboni. Mtoto wa jirani akifaulu mtihani wa taifa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Harusi ikipangwa, alijua rangi ya vitenge kabla ya bibi harusi mwenyewe. Mwanawe Élie alimwita Redio, naye akacheka, kwa sababu redio nayo ina kazi yake.

Basi huyo huyo Redio ndiye aliyechaguliwa kuwa garde-malade wa Carine, mke wa Élie, Carine alipopata nafasi ya kutengenezwa macho kwa laser. Garde-malade ndiye anayekaa na mgonjwa hospitalini, amshikie mkoba, amletee chakula, awaulize wauguzi maswali mpaka wachoke. Kwa kazi hiyo Madeleine hakuwa na mpinzani.

Na alimpenda huyo mkwe, jamani. Alimpenda tangu siku ya kwanza Élie alipomleta nyumbani. Carine alikuwa amevua miwani yake mizito ili aonekane mzuri, akaingia sebuleni, akapiga goti kwa heshima na kulisalimia koti la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango. "Jambo, maman," akaliambia koti. Madeleine, aliyekuwa amesimama upande wa pili na sufuria mkononi, alicheka mpaka sufuria ikamponyoka, kisha akamkumbatia msichana wa watu na kumwambia avae miwani yake, hapa ni kwao.

Carine alikuwa mwalimu wa hesabu, na miwani hiyo, lunettes kama waitavyo mjini, alikuwa nayo tangu shule ya msingi. Asubuhi aliipapasa kwanza kabla ya kujua kama kumekucha. Mvua ya Bukavu, ambayo haina adabu, ilimwachia matone kwenye vioo mpaka wanafunzi wakawa kwake ukungu mtupu. Kwa hiyo Daktari Aganze alipofungua kliniki yake ya macho huko Muhumba na kukodi mashine ya laser, Élie aliuza pikipiki yake bila kumwuliza mtu. Mashine ingekaa mpaka mwisho wa kiangazi. Ikishaondoka, hakuna aliyejua kama ingerudi.

Siku ya vipimo, daktari aliwaweka Carine na Madeleine mbele yake. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya kasisi wa misa ya kwanza.

"Madame Carine, mbele ya kupita kwa laser, kuko mambo ya kujua," alisema. "Laser haiko muujiza. Inapunguza kidogo cornée, ile kioo ya mbele ya jicho, muangaza uingie vizuri. Kama cornée iko nyembamba, nakurudisha nyumbani na lunettes yako, na hatutagombana. Ya kwako iko nene, iko muzuri. Lunettes yako haijabadilika tangu miaka mbili, hiyo pia iko muzuri. Laser ikiisha, macho itakauka wakati fulani, utakuwa unaweka matone. Hautajikuna. Na ukifika miaka ya uzee, utatafuta lunettes ya kusomea sawa na batu bote. Hiyo laser haizuie."

"Docteur," Madeleine akadakia, "na kama anapepesa wakati moto iko ndani?"

"Haiko moto ya kuchoma, maman. Tunaweka dawa ya ganzi, na kuko chuma kidogo inashika kope. Hata akitaka kupepesa, hataweza."

"Na akipiga chafya?"

"Mashine inaona jicho imetoka pahali yake, inasimama."

"Na akiogopa?"

"Wewe njo utakuwa hapo, maman, ya kumuombea."

Jibu hilo lilimridhisha sana Madeleine, akajiweka sawa kwenye kiti. Ndipo daktari akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Uko na mimba? Unanyonyesha?"

"Hapana, docteur," Carine akasema upesi.

"Vizuri. Juu mimba inageuza mwili yote, na macho pia. Vipimo ya leo, kesho inakuwa ya uongo, na kile laser imekata hairudi. Tena kuko dawa sitaki ifikie mutoto. Maman mwenye mimba namungojesha azale, anyonyeshe, amalize, macho itulie. Njo arudi."

Madeleine, ambaye alikuwa bado na maswali mengi, hakuuliza hata moja.

Kwa sababu Madeleine alijua. Alijua tangu siku alipokaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Carine huwala pamoja na vichwa vyao, na Carine akatoka jikoni ameshika mdomo, akisema anaenda kuanua nguo. Nguo hazikuwako kambani. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu Madeleine akaacha kununua sambaza, bila kueleza sababu, na moyo ukimchezea ndani kama mtoto aliyepewa viatu vipya.

Lakini hakusema. Mara mbili nyumba hiyo ilishangilia mapema, na mara mbili ililia. Wa kwanza alitoka akiwa bado hana umbo. Wa pili alifika mpaka siku yake ya kuzaliwa, akazaliwa, asilie. Baada ya huyo, Madeleine alimsikia Carine akimwambia Élie nyuma ya ukuta wa mbao, "Mara ingine sitasema kwa mutu. Hata wewe, utaona tu tumbo." Na kwao Nyangezi, alikozaliwa Madeleine, mimba ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye husema. Mwingine akiitaja kwanza, hata kwa mapenzi, ameianika njiani kila jicho baya lipite juu yake. Hilo hata Redio aliliheshimu.

Sasa atafanya nini? Akisema, amevunja mwiko na amemwaibisha mtoto wa watu kwa siri aliyoificha kwa machozi. Akinyamaza, watayakata macho ambayo hayako tayari, macho ya mwalimu, na dawa zao ziende hadi wapi, Mungu ndiye ajuaye. Njiani kurudi Cimpunda hakuzungumza na mtu. Wauza ndizi walimsalimia, akaitikia kwa kichwa tu, nao wakadhani kuna msiba.

Alijaribu kusema kwa mafumbo. Wakati wa kuchambua maharage alisema, "Hata mwaka kesho mashine inaweza kurudi, eeh?"

"Docteur alisema hajue," Carine akajibu.

"Mimi naona lunettes inakufaa. Inakupa sura ya proviseur, mukubwa wa masomo."

"Maman, Élie aliuzisha pikipiki yake."

"Pikipiki ni chuma tu, mwana wangu."

Carine aliinua kichwa, akamtazama kupitia vioo vile vinene vilivyofanya macho yake yawe madogo na ya mbali. Kwa kitambo Madeleine alidhani atasema. Carine akarudi kwenye maharage.

Siku ikafika. Daktari alikuwa amekataza manukato na vipodozi, kwa hiyo Carine alijisugua uso mpaka ukang'aa. Walifika Muhumba mapema, wakasubiri kwenye benchi lililotazama ziwa. Carine aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaivua. Madeleine alisali rozari, lakini kila alipofika "mzao wa tumbo lako" alikwama hapo na kulazimika kuanza upya.

Muuguzi aliyeitwa Aurore alikuja na kofia ya plastiki, akaanza maswali yake. Kuna dawa anakunywa? Ana ugonjwa wa sukari? Carine alijibu kwa kusitasita, na Aurore akacheka kwa wema.

"Sema yote, madame. Unajua batu ba zamani walisema: mficha uchi hazai."

Methali hiyo ilimpiga Madeleine kifuani. Carine aliinamisha kichwa, akasema hana kitu kingine. Aurore akafungua mlango wa ndani, ule wa chumba cha mashine, na ubaridi wa kiyoyozi ukawatokea.

"Garde-malade mumoja tu anaingia mpaka hapa," alisema. "Muko bangapi?"

"Tuko babili," Carine akasema.

Na hapo Madeleine akasikia sauti yake mwenyewe, ndogo, ya upole, si ile ya sokoni.

"Hapana. Tuko batatu."

Aurore alitazama nyuma yao. Benchi lilikuwa tupu. "Wa tatu iko wapi? Huyo abakie inje, maman, ni règlement, sheria ya hapa."

"Huyo hawezi kubakia inje," Madeleine akasema. "Pahali maman yake anaingia, na yeye anaingia."

Aurore alimtazama yule mzee, akamtazama Carine, kisha macho yake yakashuka polepole hadi kwenye kiuno cha Carine. Akaufunga mlango.

"Naita docteur," akasema, na viatu vyake vikasikika vikikimbia koridoni.

Carine alikuwa amemshika Madeleine mkono, kucha zikaingia. Madeleine hakuutoa mkono. Hakuwa ametaja lolote, alijiambia. Alikuwa amehesabu watu tu, na mwalimu wa hesabu hawezi kumlaumu mtu kwa kuhesabu sawasawa. Lakini machozi yalimtoka kabla ya yale ya Carine.

Daktari Aganze hakukasirika. Aliketi nao kwenye benchi, akapima maneno yake. "Mashine, sijue itarudi lini, sitakudanganya. Lakini leo ningekata macho kwa vipimo ya mimba, na ungeishi nayo hata mimba ikiisha. Uende, madame. Uzale."

Alipoondoka, wanawake hao wawili walibaki wakitazama ziwa bila kuliona, mmoja kwa machozi, mwingine kwa sababu alikuwa hana miwani.

"Ulijua tangu lini, maman?"

"Tangu sambaza."

"Na haukusema? Hata kwa Élie?"

"Hata kwa padri."

"Wewe?" Carine akasema, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio, kikakigeuza kuwa kwikwi. Alipotulia, alikuwa akiisokota miwani mikononi. "Maman, nilisikia vile docteur alisema. Nilisikia yote. Lakini nilitaka."

"Juu ya nini, mwana wangu? Lunettes haikukosea kitu."

"Yule wa pili," Carine akasema. "Kwa maternité, pale pa kuzalia, walinitoa lunettes. Walisema itavunjika. Mutoto alitoka, haikulia, batu wakaanza kukimbia-kimbia, mimi naita lunettes yangu, hakuna anasikia. Wakamupitisha mbele yangu. Niliona weupe ya kitambaa tu. Wakati walipata lunettes, sanduku ilikuwa imefungwa." Aliikunja miwani, akaikunjua. "Bote mulimuona. Élie anasema alikuwa na paji yake ya uso. Wewe njo ulimuogesha. Mimi njo maman yake, na sijue sura yake. Nikajisemea, huyu mwingine nitamungojea na macho yangu mwenyewe, mutu asiitoe."

Miaka hiyo yote Madeleine alikuwa ameufunga mdomo wake juu ya mtoto yule, akidhani anamhurumia Carine, na kumbe kimya chake kilikuwa kimemnyima mama kitu pekee kilichobaki. Akamvuta Carine, akakiweka kichwa chake kifuani, na hapo Muhumba, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakiingia, akamsimulia mtoto yule tangu utosi hadi kisigino. Nywele zilikuwa nyingi, zikifika shingoni. Kidevu kilikuwa cha Carine, kile chenye shimo. Vidole vya miguu vilikuwa virefu, sijui vya nani. Carine alisikiliza yote, akaomba kidevu kirudiwe, kikarudiwa.

Kisha Madeleine akamvika miwani.

"Kwa maternité, mimi njo garde-malade," akasema. "Hii lunettes itakuwa kwangu. Sage-femme mwenye kuzalisha aje, docteur aje, hata monseigneur askofu aje na fimbo yake, hakuna atakayeigusa."

Mvua za kwanza zilipoanza, mashine ilikuwa imekwisha kuondoka; zilipokolea, tumbo la Carine lilikuwa linawatangulia wote mlangoni. Élie alikwenda kazini kwa miguu, akipiga miluzi. Uchungu ulimkamata Carine mchana wa Jumapili, misa ikitoka. Mkunga alisema, "Tutoe hizi lunettes," na Madeleine akasema, "Jaribu uone." Uchungu ulipozidi, Carine mwenyewe aliitupa miwani. Madeleine akaidaka, akaificha kifuani ndani ya kitenge, akaishikilia kwa mkono mmoja wakati mkono wa pili ukivunjwa-vunjwa na Carine.

Mtoto akatoka, akanyamaza kidogo, kidogo tu, lakini kidogo hicho Madeleine hatakisahau mpaka anaingia kaburini. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti ambayo bila shaka ilitoka upande wa bibi yake.

Mkunga alimfuta na kumleta. Madeleine ndiye aliyemwona kwanza. Akaona paji la uso, akaona pua, akaona kidevu, na habari ikamjaa mdomoni yote kwa pamoja, habari ya kuifikia Cimpunda nzima na kuvuka hadi Nyangezi. Kitandani Carine alinyoosha mikono, akipapasa hewani, macho wazi na hayaoni.

"Maman, niambie! Anafanana na nani?"

Madeleine alimeza. Akaitoa miwani, yenye joto la kifua chake, akaifuta, akamvika mkwe wake taratibu na kuikaza nyuma ya masikio, kwanza hili, kisha lile.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Angalia mwenyewe."