Sungura Hawanywi Pombe

Mume wangu alikufa kwa moyo hospitalini, ameshika kifua, nami nimemshika yeye. Kabla udongo haujakauka kaburini, shemeji yangu, mdogo wake wa kuzaliwa, alisimama mbele ya wafiwa akasema:

"Tusidanganyane. Daktari alisema vipimo vya ini vilikuwa juu. Kaka alikuwa anakunywa kwa siri."

Mtu aliyekuwa akifungua mlango wa nyumba ya ibada kila alfajiri! Watu waliinamisha macho. Toka siku ile binti yangu hachangamani na wenzake, maana wanamwita mtoto wa chupa. Nilimwachia Mungu, lakini hasira ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi nasafisha vizimba vya sungura kwenye maabara. Mtafiti, dada mmoja mpole, huwalaza kwa dawa ya usingizi, huwaziba mshipa wa moyo, kisha huwapima damu. Siku moja alimwambia mwenzake, "Vipimo vya ini viko juu tena, vimeng'enya vimepanda."

Ufagio ulinisimama mkononi. "Mwanangu, hawa wana ugonjwa wa ini?"

"Hapana, mama. Walikuwa wazima. Moyo ukiumia, ini nalo hukosa damu, likaumia. Tena kimeng'enya kimoja, kemikali ya mwilini tunayoipima kujua hali ya ini, kimo hata ndani ya moyo. Ukijeruhiwa, kinamwagika kwenye damu."

"Bila pombe?"

Akacheka. "Nani atampa sungura pombe?"

Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa, nikamleta shemeji. Alifika ameziba pua.

"Shemeji, umeniita ninuse mavi ya sungura?"

"Nimekuita umtafute mlevi humu."

Mtafiti akamweleza yote, taratibu. Shemeji akajikuna kisogo.

"Haya, nilikosea. Yaishe."

"Yaishe wapi? Kaka yako ulimvua nguo hadharani, leo unataka kumvika kwenye vizimba?"

"Sasa unataka nini, mke wa kaka?"

"Usimame baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa. Useme kwa mdomo ule ule."

"Watanicheka!"

"Wakucheke. Mtoto wa kaka yako wamemcheka vya kutosha."

Alisimama kweli. Nilimketisha binti yangu mstari wa mbele. Shemeji akakohoa, akasalimu, akashukuru kwa mvua, akawasifu waimbaji, akaanza kuulizia afya za wazee.

Nikasema kwa sauti, nimekaa pale pale, "Ini, shemeji. Anzia kwenye ini."