Mkutano wa Juni

Katibu Anselm alisoma kumbukumbu za mkutano wa Juni kwa sauti ya kusinzisha, na Silasi Lugembe, mrina asali wa Kigwa, alikuwa amekwisha anza kusinzia aliposikia jina lake.

"Hoja ya kubadili kifungu cha saba cha katiba ililetwa na Mwenyekiti, ikaungwa mkono na Bwana Silasi Lugembe wa Kigwa. Ikapita bila kupingwa."

Silasi akamgeukia jirani yake Masolwa. "Amemtaja nani?"

"Wewe. Lakini Juni si tulikuwa wote porini?"

Walikuwa porini, mwendo wa siku mbili kutoka Kigwa, wakiteremsha mizinga. Juni ndiyo msimu wenyewe wa asali. Hakuna mrina anayebaki nyumbani. Ndiyo maana tangu Chama cha Warina Asali kianzishwe mwaka 1949, mkutano mkuu ulifanyika Oktoba, kama huu wa leo mjini Tabora. Kwa miaka yote mitano hawakusikia habari ya mkutano wa Juni.

Anselm akaendelea kusoma kifungu kipya: viongozi watakaa miaka kumi, kumbukumbu zitathibitishwa na kamati, na watakaopiga kura ni wenye maghala ya nta mjini tu.

Silasi alihisi masikio yanawaka. Mwenyekiti, Raymundi Ngollo, alikuwa mrina mwenzao kabla ya kufungua ghala la nta. Silasi mwenyewe ndiye aliyempendekeza, akapita kijiji kwa kijiji akimnadi. Na huyo Anselm anayesoma bila kuinua macho alikuwa kaka wa mke wa Silasi.

Akasimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Maswali mwisho, Silasi."

"Sina swali. Nasema huo ni uongo. Juni sikukanyaga Tabora."

Ukumbi ukavuma. Raymundi akagonga meza. "Kumbukumbu zimesainiwa, zimepigwa muhuri, na nakala iko bomani. Kwa kifungu kipya, kamati ndiyo inayozithibitisha. Kaa chini."

"Kifungu kipya kimetoka wapi? Si humo humo kwenye kumbukumbu? Basi mpaka sisi tuzikubali, hakipo! Kipo cha zamani, na nilikuwapo kikiandikwa."

Bi Tatu, mchemsha nta wa Ng'ambo, akapaza sauti kutoka nyuma. "Akidi ni watu thelathini. Juni mlikuwa wangapi?"

"Thelathini na wawili," Anselm akajibu kwa sauti ndogo.

"Soma majina!"

Anselm akamtazama Raymundi. Raymundi akatikisa kichwa. Lakini watu walikuwa wamekwisha simama, wengine wamesogea hadi mezani, na Anselm akasoma. Kila mrina aliyetajwa alijibu, "Sikuwapo," na kila jibu lilitoka kwa ukali zaidi kuliko lililotangulia. Ilipofika zamu ya Shomari, mwenye ghala karibu na stesheni, alisimama.

"Mimi nilikuwapo," akasema. "Tulikuwa tisa. Tulikunywa chai."

Silasi akasogea mpaka mbele ya meza. "Shemeji, uliniona Juni?"

Anselm akaanza kupanga karatasi zake.

"Nimekuuliza mbele ya watu. Uliniona?"

"Niliambiwa nikuandike," Anselm akasema. "Walisema watu wa Kigwa wakiona jina lako hawatabisha."

Silasi alikamata ukingo wa meza ili mikono yake isifanye kingine. Watu wakapiga kura kwa mikono, kumbukumbu zikakataliwa, na Masolwa akachaguliwa mwenyekiti kwa kifungu cha zamani. Raymundi akachukua muhuri na daftari la wanachama, akavitia mfukoni mwa koti lake kubwa, akatoka. Hakuna aliyemzuia, kila mtu alikuwa akipiga kelele.

Bomani walikopeleka ombi la kumtambua Masolwa, likarudi. Karani aliwaambia kwamba nakala iliyoko kwenye faili ina saini ya katibu, na bila katibu huyo kuikanusha kwa maandishi, mwenyekiti ni Raymundi.

Silasi alikaa wiki mbili bila kwenda popote. Mkewe Apolinaria alimwambia, "Kaka yangu anafanya kazi kwenye ghala la Raymundi. Akiandika, anafukuzwa."

"Mimi aliponiandika hakuuliza nitafukuzwa wapi."

Mwishowe akapanda treni kwenda Tabora. Alimkuta Anselm kwake Kitete, akakataa kiti, akakataa na maji. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwangalia akiandika: kwamba Juni walihudhuria watu tisa, kwamba majina ishirini na matatu aliyaongeza kwa amri ya Mwenyekiti, na kwamba Silasi Lugembe hakuwapo. Karatasi ya kwanza Anselm aliiharibu kwa wino, akaanza upya.

"Nisamehe, shemeji," akasema alipomaliza.

"Saini."

Akasaini. Silasi akaisoma barua yote taratibu, akaikunja, akaondoka bila kuaga.

Boma lilimtambua Masolwa mwezi wa Februari. Kufikia hapo Anselm alikuwa amekwisha fukuzwa ghalani, amerudi Kigwa kulima. Jumapili, kanisani, alikaa upande ule ule na Silasi, benchi la mbele yake. Apolinaria alimnong'oneza mumewe kwamba angalau ampe mkono.

"Bado," Silasi akasema, akaendelea kuangalia kisogo cha shemeji yake.