Nukta ya Bibi Dorkasi

"Uwiano wa samadi na mavuno umetoka ngapi?" mkuu wangu, Bwana Elisante, aliniuliza kwa simu kutoka Tanga.

"Karibu na sifuri."

"Basi samadi haiongezi mahindi. Tunafunga mradi wa Mlola."

Ofisi yetu ya Lushoto ina meza mbili, na ya pili haina mtu tangu Glory, aliyehesabu magunia ya Mlola, ahamishwe. Mlola ndiko pekee ninakoitwa mwanangu.

Nikachora grafu. Nukta za mashamba zilipanda pamoja: penye samadi nyingi, magunia mengi. Moja tu ilikaa juu kwenye kona, mbali na nyingine. Bibi Dorkasi: samadi kidogo, magunia mengi kuliko wote. Kipimo cha Pearson, nilichotumia kwanza, huvutwa sana na aliyejitenga. Nikatumia cha Spearman, kinachotazama tu nani ametangulia nani kwenye foleni. Uwiano ukapanda.

"Selina," Bwana Elisante alisema nilipompigia, "umechagua kipimo, au umechagua jibu?"

Kesho yake nikaenda Mlola, kwa Bibi Dorkasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini mnakula karatasi?"

Sebule ilijaa magunia hadi dirishani. Nikamuuliza kama yote aliyavuna yeye.

"Kwa mgongo huu?" Alicheka hadi akakohoa. "Yangu ni yale mawili ya mlangoni. Tangu mzee afariki, kila jirani ameweka gunia lake hapa. Akitaka kusaga, lazima abishe hodi kwangu. Mwenzenu alihesabu tu, hakuuliza ya nani."

Nilifungua kompyuta juu ya mapaja, nikamwomba anitajie wenye magunia, nikarudisha kila gunia shambani kwake. Nukta yake ikashuka, ikaingia katikati ya wenzake. Sasa vipimo vyote viwili vilisema jambo moja.

Bwana Elisante alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho. "Andika hivyo hivyo, na habari ya magunia uiweke. Mradi unabaki. Ila usiseme samadi ndiyo sababu. Sema vinakwenda pamoja."

Wakati wa kuondoka, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na manyunyu yameanza. Niliuegemeza mwavuli wangu kwenye magunia.

"Unausahau!"

"Hapana, bibi. Naomba mwavuli ukae hapa, nitakuja kubisha hodi."

Alinitazama kidogo, kisha akausogeza ndani zaidi, usianguke. Nikatoka, nikiwa nimejifunika kichwa kwa khanga.