Mahari Iliyosafiri Wima

Mzee Bartolomayo hakumtaka Dorothea awe mkwe wake, wala hakujisumbua kuficha. Mjane, muuza karanga, ng'ombe wake wote wamekwisha kwa ukame, leo eti anakuja kumposea mwanawe! Kwa mzee yule, mtu asiye na zizi hakuwa na la kusema mbele ya wenye mazizi. Lakini binti yake Hana hakutaka kusikia jina la mwanamume mwingine ila Seth, mtoto wa Dorothea. Basi mzee akatoa sharti aliloamini halitekelezeki.

"Leteni pikipiki," alisema, na wazee wenzake wakacheka. "Mpya, isiyokaliwa na mtu. Tena ifike hapa imesimama. Mnyama wa mahari akiletwa amelala, huyo ni mgonjwa. Mgonjwa sipokei."

Mdomo huponza kichwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, na pikipiki, ambayo zamani ilikuwa ya padri na bwana mifugo, sasa ilipangwa dukani kama masufuria. Dorothea aliuza karanga msimu baada ya msimu bila kujinunulia hata doti moja ya khanga. Asubuhi ya siku ya mahari, trekta la kukodi la Khamisi likasimama mlangoni mwa duka moja pale Dodoma mjini, tela nyuma likiwa na magunia ya karanga zake, na pikipiki nyekundu ikapandishwa.

"Tuilaze juu ya magunia, Mama Seth," alishauri Khamisi. "Italala kama mtoto mchanga."

"Ikilala itamwaga petroli kwenye karanga zangu, na mzee ataikataa. Isimame."

Khamisi akaisimamisha kwa mguu wake wa pembeni, akaipitishia kamba moja, akajipigia makofi. Trekta lilipong'oka tu, ule mguu ukateleza kwenye ubao, pikipiki ikaenda upande, Seth akaidaka kwa kifua. Kioo chake nusura kigonge chuma cha tela. Dorothea aliona giza, kisha akawaka.

"Simamisha! Hivi nyie hamjawahi kupakia punda? Mzigo ukivutwa upande mmoja, unaangukia wapi?"

Ikafungwa upya, safari hii kwa akili. Gurudumu la mbele likasukumwa mpaka likagota kwenye ubao wa mbele, likabanwa kwa gunia huku na gunia huku. Mguu wa pembeni ukakunjwa, gia ikaingizwa ili gurudumu la nyuma lisizunguke. Kamba zikateremshwa kutoka kwenye usukani kwenda pande zote mbili, na kila zilipogusa rangi pakawekwa tambara.

Zikabaki springi za mbele. Zisipobanwa, kila shimo la njiani lingezitikisa na kamba zingelegea. Mtu mnene angekaa juu na kuelemea mbele, kazi ingekwisha, lakini nani akae? Isiyokaliwa ni isiyokaliwa. Basi Seth na Khamisi wakaning'inia kwenye usukani, mmoja kila upande, miguu hewani, suti ya bwana harusi ikilia kwenye mishono, huku Dorothea akivuta kamba na kukaza mafundo. Waliokuwa dukani walicheka mpaka wakajifuta machozi. Yeye hakucheka, maana aliyekuwa akimfunga pale kwenye tela ni mkamwana wake.

Walipotoka mjini kidogo akamsimamisha Khamisi na kuzikaza kamba. Walipofika kijiji cha Zuzu akazikaza tena. Khamisi alinung'unika kwamba hata mgonjwa wa homa hapimwi kiasi hicho.

"Wewe endesha," Dorothea akamjibu.

Mbele ya Zuzu kuna korongo la mchanga, na hapo tela likazama. Trekta liliunguruma, likatifua vumbi, likanyamaza. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na Dorothea alijua wazee wakitawanyika leo, mzee Bartolomayo hatawaita tena.

"Tuishushe, Mama Seth," alisema Khamisi. "Seth aiendeshe mpaka kule. Nani atamwona?"

"Mama, ni hapa na pale tu," akadakia Seth, macho yakimsihi.

Dorothea aliogopa. Lakini kuibiwa utu wake na mzee yule ilikuwa afadhali kuliko yeye mwenyewe kumpa utu huo.

"Hana haolewi kwa uongo," akasema. "Shusheni karanga, ila magunia mawili yanayobana gurudumu yabaki."

Alitangulia kujitwika gunia. Seth akavua koti, akafuata, na tela lilipopungua uzito likapanda ng'ambo likiyumba, pikipiki ikiwa wima. Khamisi alipotaka kurudi kuyachukua magunia, Dorothea alilitazama jua.

"Yaache. Anayeyataka na ayachukue."

Walipofika, wazee walikuwa wakitafuta fimbo zao waondoke.

"Mbukwenyi!" Dorothea aliwasalimu kwa Kigogo kutoka juu ya tela, vumbi tangu utosini mpaka kidole cha mguu. Wakaitikia huku shingo zimenyooka.

Mzee Bartolomayo alipanda kwenye tela. Akapiga magoti kukagua tairi: vinywele vya mpira mpya vilikuwa bado vimesimama. Akapapasa tangi, hakuona mkwaruzo. Akaegemeza bega lake akasukuma kwa nguvu. Tela zima likatikisika, pikipiki haikuinama.

"Ishusheni," alisema.

Dorothea alikuwa ameshika fundo la kamba. Hakulifungua.

"Bado, mzee. Tuambie kwanza kimefika nini."

"Si pikipiki hiyo?"

Mkono haukutoka kwenye fundo. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Bartolomayo aliitazama ile rangi nyekundu kwa uchu, akameza mate.

"Imefika mahari."

"Kutoka kwa nani?"

Akamtazama mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kwa kupitia juu ya kichwa chake.

"Kutoka kwa Dorothea," akasema, sauti ikasikika mpaka jikoni. "Mkwe wangu."

Ndipo Dorothea alipolegeza fundo. Springi zikaachia, pikipiki ikainua kichwa mbele ya watu wote, na vigelegele vikapasuka. Hana akatoka jikoni mbio bila kungoja kuitwa, akaipita pikipiki, akampita Seth na suti yake iliyochanika, akamkumbatia Dorothea pamoja na vumbi lake lote.