Mshono wa Mpaka

Mstari uliingia nyumbani kwa mshonaji siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, yeye akiwa anapinda suruali ya mteja. Ulipenya chini ya mlango, ukakata sebule, ukapita kati ya miguu ya cherehani, ukaingia chumbani na kutenganisha vitanda viwili vya binti zake, halafu ukatokea jikoni. Ulikuwa mwekundu, mpana kama vidole viwili. Mshonaji aliinua miguu kuupisha, akamaliza pindo. Kisha akaufagia, nao haukutoka. Akapiga deki, ukang'aa zaidi.

Barua ya ofisi ya elimu ilifika siku mbili baadaye. Mipaka ya shule mbili za msingi za mtaa ilikuwa imechorwa upya. Waliokuwa juu ya mstari wangesoma Shule ya Juu, yenye madirisha ya vioo, maktaba, na mwalimu mmoja kwa watoto arobaini. Waliokuwa chini yake wangesoma Shule ya Chini. Barua haikusema Shule ya Chini ina nini. Kitanda cha binti mkubwa kilikuwa upande wa juu. Cha mdogo, aliyekuwa na miaka saba, kilikuwa upande wa chini.

Mshonaji akakisogeza kitanda cha mdogo. Mstari nao ukasogea, polepole, kama paka anayefuata jua, ukajilaza tena katikati.

Kwenye mkutano wa wazazi, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Afisa wa elimu, mtu mpole mwenye shati lililomzidi mabega, alitundika ramani ukutani. Mama mwenye duka la dawa ndiye aliyetangulia kusimama.

"Sisi hatuna ubaya na mtu," alisema. "Lakini Shule ya Juu ikijazwa, watoto wetu watashuka. Nani atafaidika hapo?"

Fundi bomba alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. "Darasa la mwanangu lina watoto mia moja na kumi na wawili. Mwalimu mmoja. Mtoto anaandikia magotini, mvua ikinyesha wanahamia upande usiovuja. Huko ndiko kushuka, mama. Sisi tulishafika."

Watu wakacheka kidogo.

"Ndiyo maana tunasawazisha idadi," afisa alisema.

"Na madawati? Na walimu?" fundi bomba aliuliza.

"Hilo ni fungu lingine."

Mshonaji akanyoosha mkono. Akaeleza habari za mstari wake, vitanda na yote. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mtoto anahesabiwa pale anapolaza kichwa," alisema. "Pole, mama. Sio wewe tu. Kuna mzee mmoja umempitia bafuni."

Kesho yake, mshonaji alipiga magoti sebuleni kutafuta sindano iliyomdondoka, uso ukakaribia sakafu. Hapo ndipo alipoona kwamba mstari haukuwa rangi. Ulikuwa mshono. Mishono midogo, iliyobanana, ya mtu mwenye haraka. Akachukua wembe wake wa kufumulia.

Alianza saa saba mchana, na kufikia saa kumi uzi mwekundu ulikuwa umemjaa mapajani. Akaushona upya nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa jikoni, akiingiza sindano kwenye udongo kama anavyoiingiza kwenye kitambaa cha jinzi, kwa kusukuma na kofia ya chuma ya kidoleni. Ijumaa ikaja barua ya masahihisho: binti wote wawili, Shule ya Juu. Roho ikamtulia. Aliwapikia watoto, akaimba.

Jumamosi jirani yake, mwoka mikate, alikuja na kukaa kwenye kiti cha wateja. Mikono ilikuwa bado na unga. Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye sikio lake la kushoto halikusikia, na kwenye Shule ya Juu mwalimu alikuwa amemweka dawati la mbele, upande wa kulia.

"Mwenzangu," alisema, "mstari umehamia kwangu."

Mshonaji aliendelea kukanyaga cherehani. Kitambaa kikapita, kikaisha, naye akaendelea kukanyaga bila kitambaa.

"Ni mimi," alisema mwishowe.

"Najua. Mashuka yangu yote umeyashona wewe. Mkono wako siwezi kuukosa."

Hawakugombana. Mwoka mikate alilia kidogo, mshonaji akampa kipande cha kitambaa ajifute, kisha wakatoka pamoja kuuhamisha tena. Mmoja alifumua, mwenzake akashika uzi usijisokote. Walipoupitisha nyuma ya nyumba ya mwoka mikate, ukaacha nje nyumba ya dereva wa lori. Dereva akaja. Walipomwingiza dereva, wakatoka wapangaji watatu wa mtaa wa pili. Wapangaji wakaja. Baada ya wiki moja mlangoni kwa mshonaji kulikuwa na foleni inayofika barabarani, na kila aliyetoka akishukuru alikutana mlangoni na anayeingia akilia. Uzi ulikuwa na urefu wake. Ukiuvuta huku, unapungua kule.

Fundi bomba alikuwa wa mwisho kuja. Hakutaka kuketi.

"Mimi siombi unisogezee," alisema. "Naomba uufumue wote."

Hilo halikuwa limemjia mshonaji akilini, akajisikia vibaya kwamba halikuwa limemjia.

Waliufumua Jumapili, wao wawili na mwoka mikate, kutoka bonde hadi kilima. Likatoka donge la uzi kubwa kuliko kabichi. Jumatatu, kwa kuwa hapakuwa na mstari, watoto wote wa mtaa walikwenda Shule ya Juu. Hakuna aliyewaambia, ni miguu tu iliyowapeleka. Bawabu aliwahesabu wakiingia, na viti vilipoisha akafunga geti kwa adabu. Nje walibaki watoto mia sita. Walikaa chini wakafungua madaftari wakaandika magotini, kwa kuwa walishazoea. Miongoni mwao walikuwa watoto wa fundi bomba, wote wanne, na binti mdogo wa mshonaji. Binti wa mwoka mikate alikuwa ndani, lakini dawati la mbele lilikuwa limeshachukuliwa.

Afisa wa elimu alikuja nyumbani kwa mshonaji siku hiyo hiyo jioni, akanywa chai, akasifu chai. Kisha akaomba mstari urudishwe.

"Nitaurudisha mkipeleka madawati na walimu kule chini."

"Mama, laiti ningeweza. Mimi nachora mistari tu." Alisema kweli, macho yake yalikuwa yamechoka. "Usipourudisha, nitachora mwingine kesho. Lakini mimi nachora juu ya karatasi, nyumba za watu sizioni. Wewe unaziona."

Fundi bomba aliposikia alisema, "Usikubali." Mwoka mikate alisema, "Akichora yeye itakuwaje?" Mshonaji hakulala vizuri. Asubuhi alikubali, kwa sharti moja: mstari uende kwa zamu. Kila mwaka uhamishwe, nyumba kadhaa zilizokuwa chini zipande, kadhaa zilizokuwa juu zishuke, hata ya mwenye duka la dawa, hata yake. Afisa alipeana naye mkono kwa mikono miwili. Akapewa kitambulisho chenye picha: Mshonaji wa Mipaka, Daraja la Pili.

Wazazi waliupenda utaratibu huo. Ulikuwa wa haki, kila mtu alisema hivyo, na aliyeshuka alijua atapanda. Walioteremka walivumilia mwaka wao kama mtu anavyovumilia jino, wakingoja mwingine. Malalamiko yaliyokuwa yakifika ofisini kwa magunia yakakoma.

Kwenye mkutano wa mwaka wa tatu, afisa aliwapongeza wazazi kwa utulivu, wakajipigia makofi. Fundi bomba peke yake alisimama. "Na madawati?"

Afisa alipekua faili lake, mbele na nyuma, kwa nia njema kabisa. "Sioni lalamiko lolote mwaka huu," alisema.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya mshonaji kushuka. Alijishonea mstari mwenyewe mbele ya mlango wake, bila kupunguza hata mshono mmoja.

"Mama, nitakaa mbele au nyuma?" binti mdogo aliuliza. Mkubwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi.

"Ukiwahi utakaa mbele."

Basi siku ya kwanza mama na binti waliwahi. Walitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, wakashuka bonde wameshikana mikono, na walipofika Shule ya Chini, mlango wa darasa ulikuwa wazi. Ndani, kwenye sakafu, watoto themanini walikuwa wameshaketi kwa mistari iliyonyooka, kimya, wakitazama ubao mtupu. Binti alitafuta nafasi kwa macho. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, bila kugeuka, alisogeza magoti yake kidogo.

"Hapa," alisema. "Ukijibana tutatosha."