Bibi Videvu Viwili

Daktari Enos Kreider alikuwa amekariri kila kitu. Alikariri njia ya kutoka kwenye lifti ya hoteli mpaka ukumbini, akakariri mahali ilipo meza, na zaidi ya yote alikariri sura za senti mbili za shaba, ya kwake na ya mpinzani wake Marvella Toomey, mpaka akaweza kuzieleza bafuni povu likiwa usoni. Hakuwa na ujanja. Macho yalikuwa yamemtupa mkono tangu mwaka juzi, na aliyejua ni mtu mmoja tu, daktari wa macho pale Lancaster.

"Ni mtoto wa jicho tu," daktari yule alimwambia. "Tunaanza na jicho moja, likipona tunafanya la pili. Hutasikia chochote."

Sasa, Enos alikuwa amewang'oa watu meno maisha yake yote, na hilo la "hutasikia chochote" alikuwa amewaambia nusu ya watu wa wilaya ile. Alichukua kofia yake akaondoka, na hakurudi tena.

Hata hivyo, kisu hakikumtisha kama meza ilivyomtisha. Kila majira ya kuchipua, wapenzi wa senti za kale hukutana kwenye hoteli hiyo, wakatoa zilizo bora kuliko zote, wakazilaza chini ya taa na kupiga kura ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Watu wazima wenye wajukuu hununiana mwaka mzima kwa sababu ya kura hizo. Na walikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: asiyeona vizuri hapewi sarafu mkononi. Marehemu Luther Eshbach aliwahi kuiangusha senti ya mwenzake sakafuni akidhani kitambaa kiko pale. Hakuna aliyemgombeza. Ila tangu siku hiyo trei ya sarafu ikifika kwake ilimruka, na badala yake alisogezewa sahani ya biskuti. Alikula biskuti miaka mitatu, kisha akaacha kuja. Enos aliapa kwamba yeye hatalishwa biskuti na mtu.

Alimkuta Marvella kwenye meza ya kahawa, au tuseme sauti yake ndiyo iliyomkuta kwanza. Mama huyo ana biashara ya kuzika watu huko York, ng'ambo ya mto, na hucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha.

"Dokta! Bado unapumua? Mimi nilishakutengea nafasi."

"Panga foleni, Marvella. Ile senti yako, lile kopo, umekuja nayo?"

"Kopo ni hilo la kwako! Bibi yangu yuko hapa mkobani, amelala kwenye bahasha yake, anangoja umwombe radhi."

"Radhi ya nini? Nilisema nywele zake zimelala kama mkeka wa mlangoni. Na leo narudia."

"Na wa kwako ana sura ya mtu aliyepewa limau akaambiwa ni chungwa."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana kwa miaka ishirini. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Bibi Videvu Viwili. Hiyo ni senti ya mwaka 1794, yenye kichwa cha Bibi Uhuru, nywele zinapepea nyuma, kofia imetundikwa kwenye fimbo begani. Muhuri mmoja wa kupigia senti hizo ulipata ufa kazini, ufa ukapita chini ya taya, na bibi wa watu akapata kidevu cha pili. Hazikupigwa nyingi kabla muhuri haujavunjika kabisa, na zilizobaki nyingi zimesagika kama vifungo vya shati. Mbili tu ndizo zilizobaki na sura ya maana. Ya Enos ilipata kura ya kwanza kila mara, ya Marvella ya pili, na kila mara Marvella alirudi York akisema ameibiwa.

Safari hii mwenyekiti, Dolph Wengert, alichoshwa na kelele akaleta utaratibu mpya. Kabla ya kura, wenye sarafu watakaa uso kwa uso, na kila mmoja ataipima ya mwenzake kwa sauti, watu wote wasikie.

"Ili haki itendeke," alisema Dolph. "Na bila matusi, Marvella."

"Mbona umenitaja mimi peke yangu?"

Enos alikaa. Wanachama walipangiwa viti mbali, pumzi zao zisije zikaichafua shaba. Marvella aliilaza senti yake juu ya kitambaa, Enos akainua lenzi, akainama. Alichokiona chini ya taa ni doa la kahawia ambalo kingo zake zinacheza, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Hakubabaika. Alikuwa amejiandaa.

"Nianze na uso," alisema, kwa sauti ile ya kumwambia mtu kwamba jino halifai. "Nywele za kwenye paji zimelala, hazina uhai. Jicho lipo, lakini limechoka. Na kidevu, nazungumzia hiki cha pili..." Akaelekeza kalamu hewani, juu kidogo ya doa.

Marvella hakujibu. Kimya cha Marvella ni adimu kuliko hiyo senti yenyewe.

Mwanamke aliinama mpaka karibu na taa. "Enos," alinong'ona, "nimemlaza kifudifudi. Hayo unayoyatazama ni majani."

Upande ule wa senti hauna uso, nywele wala kidevu; kuna shada la majani na maneno ya kusema kwamba hii ni senti moja. Marvella angepaza sauti kidogo tu, angekuwa wa kwanza kabla ya chakula cha mchana, na yeye Enos angepelekwa kwenye biskuti. Alingoja. Kisha doa la kahawia lilisogea: Marvella alikuwa anaigeuza senti taratibu, ameishika kingoni.

"Endelea, dokta," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Umefika kwenye kidevu."

Hapo Enos angemshukuru Mungu na kuendelea na matusi aliyoyakariri. Lakini hofu ilikuwa imeyafagia yote, na kilichobaki ni kile alichokiona kweli siku ya kwanza Marvella alipoileta senti hiyo, naye Enos akaipeleka dirishani akasahau kuirudisha, mpaka mwenye senti akaja kumvuta mkono wa shati.

"Nafuta niliyosema," alisema Enos. "Nyuma ya sikio nywele zimegawanyika mikondo mitatu, na kila mkondo una kivuli chake. Wa kwangu hana hiyo. Kope ya juu imebaki nzima. Rangi yake ni ya pai ya maboga iliyotolewa jikoni kwa wakati wake. Huyu bibi ni mzuri. Alikuwa mzuri tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua."

Mtu mmoja nyuma aliangusha kijiko. Marvella alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na safari hii alinong'ona kwa hasira.

"Unanihonga."

"Nini?"

"Nimekustiri dakika moja, na wewe unanilipa nafasi ya kwanza mbele za watu. Unanionaje mimi?"

"Sikuhongi! Ndivyo nilivyoiona."

"Umeiona lini, na pua yako mwenyewe huioni?"

"Niliiona zamani."

"Basi waambie ni ya zamani. Ushindi wa magendo siutaki."

"Kuna tatizo hapo mezani?" Dolph aliuliza.

Enos aligeukia upande ambao watu walikuwapo. Angeweza kunyamaza. Marvella asingemsema, hilo alilijua vizuri. Angerudi tu York na ushindi ambao hata siku moja usingemfurahisha, na yeye Enos angebaki mezani akitazama madoa. Aliona aibu kuliko alivyoogopa, akasimama.

"Tatizo ni macho yangu," alisema. "Sioni. Yote niliyosema juu ya senti hii ni kweli, lakini nimeyatoa kichwani. Kwa hiyo kura yangu msiihesabu, na sarafu zenu msinipe mkononi."

Viti vililia, watu wakajikunyata. Enos alisimama akiisubiri sahani.

Dolph alikohoa. "Yalianza lini?"

"Mwaka juzi."

"Mimi ni zaidi," alisema mwenyekiti, maneno yakimtoka kwa shida. "La kushoto sasa ni pambo tu."

Kutoka nyuma, mzee mwingine alisema yeye siku hizi hupiga kura kwa kumfuata anayeguna kwa kuridhika. Wa tatu alikiri kwamba ndiye anayeguna, na huguna kwa sababu ya kiuno. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Jamani!" Dolph alipiga meza. "Sasa humu ndani anayeona ni nani?"

Marvella aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiyetaka kuitwa. Alipasuliwa macho yote mawili mwaka juzi, wakati wa kuvuna maboga, na hakumwambia mtu. "Na haikuuma," alimwambia Enos, "kabla hujauliza."

"Basi zipime wewe," alisema Dolph.

"Sitaki."

"Marvella."

Aliitoa senti ya Enos kwenye bahasha yake, akaishika kingoni, akaiinamisha kwenye taa. Alikaa nayo muda mrefu.

"Ya kwake ndiyo bora," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. "Niliona mwaka jana, macho mapya, mchana kweupe. Nikapiga kelele vilevile kwamba nimeibiwa. Na leo nimemlaza wangu kifudifudi ili uso wake usitazamwe sana. Mnafurahi sasa?"

"Sasa ni wewe unayenihonga," alisema Enos.

"Kaa chini!"

Alikaa. Marvella aliburuta kiti chake mpaka upande ule wa meza, akakaa bega kwa bega na Enos, ile senti mkononi. Watu walikuwa wameshaanza kuchangamkia kahawa na hakuna aliyewasikiliza. Enos alikuwa hajaiona senti yake vizuri kwa miaka miwili.

"Ni bora wapi?" aliuliza. "Nywele?"

"Nywele za kwangu ndizo nzuri, umesema mwenyewe. Ni mdomo. Wa kwangu umefungwa, umekwisha. Wa kwako midomo imeachana kidogo, na pembeni pana kivuli kidogo sana. Anataka kusema kitu, huyu."

Enos alifikiri. Alikuwa na senti hiyo tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi, na wakati wote huo alimtazama bibi yule kwenye nywele, akitafuta namna ya kumshinda wa Marvella.

"Sijawahi kuuona huo mdomo," alisema.

"Unanitania."

"Haki ya Mungu. Sijawahi."

Marvella aliirudisha senti kwenye bahasha na kuitia kwenye mfuko wa shati la Enos, akaupigapiga mfuko. "Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako nikupeleke kwa daktari wa macho. Nitakuja na gari la kazini, refu, jeusi. Majirani waseme wanavyotaka."

Enos aliushika mfuko kwa kiganja.

"Njoo saa moja," alisema.