Mgeuzo wa Sita

Mzee Melchior Kettwig alipiga kinanda cha kanisa letu la Altenwiek miaka thelathini na mmoja, mpaka vidole vikamkakamaa kwa jongo. Mimi ni fundi viatu, ila Jumapili hukanyaga mivukuto inayokipa kinanda pumzi, nyuma ya mabomba. Ndiyo maana nilijua jambo ambalo wazee wa baraza hawakulijua: miaka mitatu ya mwisho aliyepiga ni binti yake, Agneta. Baba mtu alikaa kando yake tu, kisha akashuka kupokea pongezi.

Baraza lilipoona mzee hapandi tena ngazi bila kushikwa, likatafuta mrithi, kwa sharti la siku zote hapa kwetu: mpigaji mpya amwoe binti wa anayeondoka, na mzee aendelee kukaa nao katika nyumba ile ile. Wa kwanza alikuwa na mchumba kwao. Wa pili alikuja amelewa. Wa tatu, Joachim Brandes, alifika wakati wa Majilio, nadhifu, na mikono yake mizuri.

Siku moja kabla ya kusikilizwa na baraza alikuja kufanya mazoezi. Alipewa karatasi za mzee: wimbo wa zamani wa Majilio na migeuzo minane, yaani wimbo ule ule mara nane, kila mara umevishwa nguo nyingine. Minne ya mwisho aliitunga Agneta. Baba yake alitia jina lake tu. Katika wa sita miguu ndiyo inayobeba wimbo, vidole vinaupamba. Joachim akaukimbiza.

“Polepole, bwana,” Agneta akasema. “Wimbo hausikiki.”

“Nani asiyeujua wimbo huu?”

“Ndiyo maana watauliza umekwenda wapi.”

Akarudia, mbio zile zile. Akarudia tena. Mara ya nne Agneta akasema, “Hebu sogea.”

Akapiga mwenyewe, bila kutazama karatasi. Alipomaliza, Joachim akasoma tena jina lililoandikwa kwenye karatasi.

“Huu ni wako,” akasema.

“Ni wa baba.”

“Haya. Wa baba.”

Asubuhi akaliaga baraza. “Mke wa kunisahihisha kila Jumapili siwezi, mheshimiwa,” alimwambia meya, mkuu wa baraza. “Na mpigaji mnaye tayari, yule binti.”

Meya alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamwita Agneta.

“Umetufukuzia wa tatu, binti.”

“Nilimwonyesha tu, mheshimiwa.”

“Nani alikutuma umwonyeshe?”

Nyumbani baba yake alikuwa amekwisha kupata habari. “Ungenyamaza siku moja tu, mwanangu.”

“Nimenyamaza miaka mitatu, baba.”

Mzee akageukia dirishani.

Sasa baraza limeandika barua za kumtafuta wa nne, na Agneta amekatazwa kupanda kwenye kinanda siku atakapokuja. Juzi alikuja kibandani kwangu na karatasi za migeuzo chini ya shali, akaniuliza kama namjua mchapaji yeyote wa muziki huko mjini Lübeck.

“Mimi fundi viatu, dada,” nikamwambia. “Nitamjulia wapi?”

Alisimama pale muda mrefu, akitazama soli nilizokuwa nashona, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akaenda sokoni kununua kabichi.